Kidole Kwenye Udongo

Shangazi Eduvina alipopanda ndege kwenda Santiago
kutolewa mtoto wa jicho,
aliniachia ufunguo, paka asiyenipenda,
na vyungu ishirini na vitatu.
Si vyote vyungu vya kweli:
kimoja kopo la maziwa, kingine sufuria iliyotoboka,
kingine buti la marehemu mumewe, mchunga kondoo,
buti la kushoto.
La kulia, husema, amezikwa nalo.

Hapa Punta Arenas upepo humpora mtu kofia,
kisha humpora na neno lililo mdomoni.
Lakini nyuma ya vioo vya varanda yake
jeraniamu zinawaka nyekundu
kama waliotukanwa mbele ya wakwe.

Karatasi aliibandika mlangoni,
herufi kubwa kubwa za mtu asiyeona vizuri:
*Jeraniamu, ziache na kiu. Zikishiba huota majani matupu.
Kangaga anywe kila asubuhi, maji yaliyolala ndooni.
Okidi usiiguse. Imenuna tangu Septemba.*
Na chini kabisa, mistari miwili chini ya maneno:
*Begonia ya mama. Kidole kwanza. Maji baadaye.*

Mimi ni fundi wa mabomba ya gesi.
Kidole changu kinajua mvujo,
udongo hakiujui.
Nikaona jani limelegea, nikainywesha.
Likalegea zaidi, nikaongeza.
Nilidhani kupenda ni kumimina.
Wiki ya pili, maji yalikuwa yamezidi unga:
shina laini kama mshumaa ulioachwa karibu na jiko;
nikalivuta, likaja lote,
halikubisha,
likaniachia mkononi harufu ya dimbwi.

Kila jioni simu.
"Begonia je?"
"Haijambo, shangazi."
Uongo wa kwanza ulikuwa mwepesi, karibu adabu.
Wa nne niliubeba kama mtungi wa gesi, ngazi kwa ngazi.

Nikaenda dukani kwa Yasna Mihovilovic.
"Madoa meupe mgongoni, tumbo jekundu?"
Hata hakungoja nijibu.
Akaifunga kwa magazeti mara mbili, kwa ajili ya upepo,
nami nikaipitisha mjini ndani ya koti
kama mtoto wa kuibiwa.
Nikaipanda kwenye chungu kilekile,
nikarudishia juu udongo wa zamani,
nikavunja jani moja
ili ionekane imeishi.

Alirudi Alhamisi, jicho moja chini ya bandeji,
la pili bado na ukungu wake.
Chai hakuitaka. Koti hakulivua.
Akaanza mwanzo wa safu, kwa vidole.
Jeraniamu alizifinya jani, akanusa, akapita.
Kangaga alimpapasa kama nywele za mjukuu.
Okidi: "Bado umenuna wewe."
Kisha begonia.
Mgongo wa jani. Tumbo la jani. Shina, kifundo kwa kifundo.
Akachovya kidole kwenye udongo, akakiacha humo.
Jiko likalia ta, ta, likipoa.

"Hii ni changa," akasema.
Nikatazama buti.
"Ulienda kwa Yasna."
"Ndiyo, shangazi."
"Kakutoza ngapi?"
Nikamtajia.
"Amekuibia. Mimi mara ya mwisho nililipa nusu."

Mara ya mwisho.

Ile ya mama, akasema, ilikufa majira yale mabomba yalipoganda.
Ya pili aliiua paka, si huyu, mama yake huyu.
Ya tatu sijui, labda huzuni, labda mbolea.
"Zote nimeziita ya mama.
Nazo huitika."

Akanishika mkono, mkono wangu wa spana,
akakididimiza kidole changu mpaka kifundo cha kwanza.
"Unasikia nini?"
"Baridi."
"Baridi si jibu. Ngoja."

Nje kitu cha bati kilikuwa kinabingirika barabarani.
Nikangoja.